Koti kwenye Msumari

Ardith Kessinger aliamka asubuhi ya Januari akakuta jicho la kushoto halifunguki. Akaenda bafuni akipapasa ukuta, na mtu aliyemwona kwenye kioo hakumjua. Uso umeumuka, shingo imejaa malengelenge, mdomo umekwenda upande. Alipiga ukelele mpaka Tucker, mbwa wa marehemu mumewe, akajificha chini ya kitanda.

Akampigia simu shemeji yake Orville, aliyekaa ng'ambo ya kijito. "Njoo unipeleke kwa daktari. Na usinicheke."

Orville hakucheka. Alimtazama, akasema "Mungu wangu," akamfungulia mlango wa gari.

Daktari naye hakuhitaji muda. "Mama, hii ni sumu ya majani matatu."

"Majani matatu Januari? Theluji imefika magotini, binti! Wewe umeyaona wapi?"

"Basi umegusa kitu kilichoyagusa. Kitafute. Ukikigusa tena, hilo jicho siwezi kukuahidi."

Ardith alitoka amefura kwa hasira pia, si kwa sumu tu. Kila mtu katika bonde lile aliujua mtambaa wa majani matatu, unaopanda miti na kujipenyeza kwenye ua, na mafuta yake yakikupata utautamani upupu. Lakini si kwake! Kiangazi cha kwanza cha ndoa ulimpata vibaya, akafunga sanduku, akamwambia mumewe Delbert achague: mtambaa au mke. Delbert alichimba wiki nzima, akaja kusema, "Kwisha. Nimeuua wote." Tangu hapo Ardith hakuona hata jani moja uwanjani, na jirani akijikuna alimwambia bila haya kwamba huo ni uvivu.

Na huyo Delbert! Ardith alikuwa amemsema sana, Mungu amsamehe. Mwanamume anarudi jioni kutoka ukingoni mwa msitu, hakumbatii mke, hasogei hata karibu. Moja kwa moja bombani nje, na chupa ya sabuni ya vyombo, anajisugua mpaka mabegani. Kisha anamwogesha mbwa. Koti lake la kazi halikuingia ndani kamwe, lilikaa bandani kwenye msumari. "Mbwa anaogeshwa, mke hata salamu hapati," Ardith alizoea kumwambia dada yake. Delbert alipoanguka na kufa Oktoba, alimlilia kweli, lakini kilio kilichanganyika na uchungu wa miaka. Hakujua kama mtu yule aliwahi kumpenda.

Karibu na Krismasi alikwenda bandani kuchukua chumvi ya kumwaga kwenye ngazi zenye barafu, akaliona koti. Lilinuka tumbaku na vumbi la mbao, lilinuka Delbert mzima. Akaliingiza ndani. Kila usiku alilala ameuzika uso kwenye kola yake, na Tucker akajikunja kwenye pindo.

Walipofika nyumbani kutoka kwa daktari, Orville alimshika mkono hadi chumbani. Akasimama mlangoni.

"Shemeji, hilo koti limefikaje kitandani?"

"Nimeliweka mimi. La mume wangu hilo, au nikuombe ruhusa?"

"Usiliguse!" Orville, ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti, alipaza. "Hilo ndilo koti lake la kung'olea majani matatu!"

"Majani gani? Si aliyaua?"

"Hayafi yale, Ardith. Ukikata hapa yanachomoza pale. Aliyang'oa kila wiki, theluji ikiyeyuka mpaka ianguke tena. Yeye hayakumdhuru. Lakini mafuta yanaganda kwenye nguo, yanakaa hata mwaka. Alikuwa akiniambia, 'Nikimgusa mke wangu kabla sijanawa, ataondoka.'"

Ardith akakaa sakafuni. Sabuni. Mbwa. Msumari. Miaka yote hiyo.

"Mbona hakuniambia?"

"Ulisema utarudi kwa mama yako."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Orville! Nilikuwa na hasira tu!"

Orville alivaa glavu za plastiki, akaliokota koti kwa ncha za vidole. "Ngoja nilitie kwenye mashine ya kufulia. Sabuni nyingi, maji ya moto, litafaa tena."

"Na harufu yake?"

"Itakwenda na maji."

Ardith alilitazama koti kwa jicho lake moja zima. Alilitaka bado. "Lirudishe kwenye msumari wake," alisema. "Usilifue."

Alimfuata hadi mlango wa banda, akasimama mbali na koti, akavuta pumzi. Baridi tupu. Harufu haikumfikia pale.

Akarudi jikoni. Chini ya sinki ilikuwapo bado chupa ya sabuni ya Delbert, imebaki nusu. Akanawa mpaka mabegani. Kisha akajaza beseni maji ya vuguvugu na kumwita Tucker, maana naye alililalia koti lile.

Mbwa akaja mwenyewe, akaingia kwenye beseni. Bila kuambiwa akainua mguu wa mbele, akangoja usuguliwe, akainua wa pili, akageuza na tumbo, kama alivyofundishwa jioni baada ya jioni. Ardith akapiga magoti na sabuni mkononi, akalia kwa sauti.