Mapumziko ni Saa Nne

Muuguzi alirudi kutoka zamuni miguu ikimwaka moto, akamkuta mume wake waliyeoana wiki tatu tu zilizopita, mwalimu wa jiografia, ametandaza karatasi meza nzima. Ilikuwa ratiba ya fungate yao ya kiangazi: miji mitano ya ng'ambo kwa siku tisa, yote imepigwa mistari kwa rula, kila saa na kisanduku chake.

“Kipindi cha kwanza, makumbusho,” mwalimu alisoma, uso umemchanua. “Cha pili, mnara. Cha tatu, mbio stesheni!”

Muuguzi alijibwaga kitini na viatu vyake.

“Tunapumzika lini, mume wangu?”

“Mapumziko si haya hapa! Saa nne mpaka nne na nusu, kila siku.”

Alimtazama aone kama anatania. Wapi!

“Mwenzangu,” alisema kwa sauti iliyochoka, “mimi nimeolewa. Sijaandikishwa shule.”

Mwalimu aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Alipomaliza kuyafuta, mkewe alikuwa ameshalala pale pale mezani, shavu limeuangukia mji wa tatu. Hakumwamsha. Alichukua kalamu nyekundu, akaikata ile minne mingine.