Upepo wa Matairi ya Ketill

Pikapu ya Ketill ilikuwa na wiki tatu tu tangu ifike, na kwa wiki hizo tatu hakuna mtu wa bondeni aliyepata raha. Aliyekwenda kwake kuazima sepetu alisimuliwa habari za matairi. Waliokwenda kumzika jirani walisimuliwa pia, tena kaburi likiwa bado halijafukiwa. Ni ya inchi thelathini na tano, yana njumu za chuma, na pale kando ya gia kuna kitufe cha mviringo chenye picha ya theluji: ukikizungusha, gari linajua lenyewe la kufanya.

"Na wewe kazi yako itakuwa nini?" shangazi yake Steinunn alimuuliza.

"Kuketi."

"Hiyo unaiweza."

Siku hiyo ya Desemba ilibidi ampakie shangazi huyo, maana ndiye anayepandikiza mbegu za kondoo wilaya nzima na gari lake kuukuu lilikuwa gereji limefunguliwa injini. Steinunn alipakata chupa ya chai isiyo na chai. Ndani mlikuwa na mirija ishirini na minne ya mbegu za dume mmoja, zilizokamuliwa jana yake asubuhi. Zisipate joto, zisigande, na zisipite saa kumi jioni ya leo. Baada ya hapo ni maji tu.

Zilikuwa za Bragi, ng'ambo ya uwanda wa juu. Miaka miwili nyuma ugonjwa wa kutetemeka uliingia zizini kwake, na sheria ya ugonjwa huo haina huruma: akiugua mmoja, wanachinjwa wote. Malori yalibeba kondoo mia tatu na kumi, Bragi akabaki na mbwa na nyasi. Vuli hii karuhusiwa kuanza upya. Alinunua majike ishirini na wanne, wakaandaliwa washike joto siku moja, yaani leo, na dume huyu alikuwa na kinga ya ule ugonjwa katika damu yake. Mbegu zake kwa msimu huo zilikuwa zimekwisha, hizi ndizo za mwisho. Bragi alishasema wazi kwamba mwaka mwingine wa kungoja hauwezi. Atauza shamba ahamie mjini kwa dada yake.

Barabara ya pwani ilikuwa imefungwa na maporomoko. Ikabaki ya uwandani. Kwenye kijiti cha kwanza cha njano cha kuonyesha njia, pale katapila la theluji lilipogeuzia, Steinunn akasema, "Simama hapa. Toa upepo."

"Upepo gani?"

"Wa matairi. Una ngapi?"

"Thelathini, kama kitabu kilivyosema."

"Shusha mpaka sita."

Ketill alimtazama kama mtu aliyeambiwa amvue mwanawe nguo barabarani. "Shangazi, matairi haya yana njumu!"

"Njumu ni za barafu. Hii ni theluji laini, mwanangu, humu hung'ang'anii, unaelea. Tairi likilegea linatandaza unyayo. Na hicho kidude chako cha picha kizime. Kila gurudumu likiteleza kinakata nguvu, na humu halina budi kuteleza kidogo."

"Hayo mambo ya enzi za babu. Gari la kisasa hili."

"Haya, bwana kisasa. Twende."

Ketill akakizungusha kitufe, wakaenda. Walikwenda hatua mia tatu hivi. Gari likazama, injini ikakosa nguvu kila alipokanyaga mafuta, kisha likakalia tumbo, magurudumu yote manne yakining'inia kwenye shimo yaliyojichimbia. Ilikuwa saa saba na robo.

Alichimba kwa sepetu dakika arobaini na tano. Steinunn alishusha kioo, akatoa andazi la kusokota mfukoni, akala taratibu.

"Asiyesikia la mkuu..." akaanza.

"Guu halijavunjika, shangazi."

"Bado. Saa kumi haijafika."

Hilo lilimwingia. Akatupa sepetu, akapiga magoti kwenye gurudumu la kwanza, akabonyeza kipini cha nozeli kwa ncha ya kalamu. Upepo ukatoka ukifoka, na vidole vikafa ganzi kabla hajafika gurudumu la tatu. Alipomaliza, matairi yake ya fahari yalikuwa yamebonyea kama maandazi ya juzi. Akazima kitufe cha theluji, akaingiza gia nzito ya fowili, akaachia klachi polepole. Pikapu ikapanda juu ya theluji, ikaondoka kwa mwendo wa bata.

Ketill hakupata hata nafasi ya kushangaa, maana dashibodi iliwaka taa nyekundu na kengele ikaanza. Tiit! Tiit! Tiit!

"Linasemaje?" Steinunn akauliza.

"Linasema matairi hayana upepo."

"Liambie tunajua."

Alibonyeza kila kilichobonyezeka. Akawasha vifuta kioo, akafungua tangi la mafuta bila kukusudia, lakini kengele haikunyamaza. Iliwalilia uwanda mzima, kijiti baada ya kijiti, mpaka walipoteremkia kwa Bragi saa tisa na nusu. Ketill aliingia uani kifua mbele. Ili shangazi asije akateleza na chupa yake, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni pa zizi, gari likilia vilevile.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Bragi! Ni mimi, Steinunn!"

Kondoo tu waliitikia. Ketill akazima injini akashuka, na ndipo komeo liliposikika. Bragi akachungulia. Alikuwa pande la mtu, mwenye miaka sitini, na midomo yake haikuwa na damu.

"Nilisikia lori," akasema.

"Lori gani?"

"Yale ya siku ile. Yalirudi kinyumenyume mpaka hapa, moja baada ya jingine, yakilia hivyohivyo, siku nzima. Nikasema basi, wamewafuata na hawa." Akajaribu kucheka, lakini mkono haukuliachia komeo.

Steinunn akamshika mkono huo. "Ni matairi ya mtoto wa kaka yangu. Hayana upepo, ndiyo maana linalia. Lete taa, Bragi. Tuna nusu saa."

Ketill aliona aibu. Halikuwa kosa lake, na hilo alilijua, lakini aliona aibu. Akaingia, akawashika majike mmoja mmoja huku shangazi akifanya kazi yake, na Bragi akihesabu kwa sauti. Aliposema ishirini na nne, zilibaki dakika tano kufika saa kumi.

Wenzake walikwenda kunywa kahawa. Ketill alibaki uani, akachana nailoni iliyofunika pampu yake ndogo ya umeme, akaibana kwenye betri bila kuwasha gari. Tairi moja lilichukua robo saa. Steinunn alitoka akamkuta kwenye la nne.

"Unajaza ya nini? Mbele hapo tu utatoa tena."

"Najua."

Shangazi akamwangalia, kisha akapanda akakaa.

Bragi alisimama mlangoni pa zizi, taa nyuma yake. Ketill akawasha injini. Dashibodi haikuwaka kitu. Gari likatoka uani kimya mpaka kijiti cha kwanza cha njano cha upande huo, na hapo akasimama, akashuka na kalamu yake.