Mla Asali

Ubaoni, siku ya kutetea tasnifu yake chuoni, mjukuu wangu Neža alichora nyota ndogo, kisha akaandika neno. Nyota hiyo, alinieleza njiani, huwekwa mbele ya neno ambalo hakuna aliyewahi kulikuta limeandikwa. Wataalamu wamelirudisha kwa kusikiliza wajukuu wake: Kislovenia chetu, Kipolandi, Kirusi na wengineo.

Nilikaa nyuma, potica, keki yetu ya sherehe ya kuviringishwa, imefungwa kitambaani mapajani mwangu. Sikuwa na hofu. Mtoto huyu nimemlea mwenyewe, kando ya msitu wa Kočevje, katikati ya mizinga ya nyuki.

Alieleza vizuri. Wahenga walimwogopa mnyama yule mkubwa wa manyoya, asimamaye kwa miguu miwili na kulala majira yote ya baridi, hata wakaacha kumtaja, wakamwita kwa tabia yake: mla asali. Asali na kula viliunganishwa, na u ya mwisho ya neno la kale la asali, ilipobanwa na irabu iliyofuata, ikawa v. Jina lake la kwanza likapotea.

Ndipo Profesa Brdnik, mwenye kauli ya mwisho, akavua miwani.

"Binti, muda wote unasema 'yule', 'mwenyewe', 'mzee wa msituni'. Neno hujalitamka hata mara moja. Shahada ya neno siwezi kumpa mtu asiyelisema."

Neža akageukia neno lake ubaoni. Shingo ikamwiva kwa haya. Kwetu, msimu wa asali, jina hilo halitamkwi: ukimwita, anakuja. Mimi ndiye niliyemzoeza. Kila alipotaka kuteleza ulimi nilimziba mdomo kwa kijiko cha asali.

"Samahani, Profesa," akasema. "Ni Juni. Nyumbani mizinga imejaa."

"Kwani huyo mla asali atapanda basi mpaka huku Ljubljana?" akauliza kijana mmoja.

"Na nauli atalipiwa na nani?" akadakia mwenzake.

Ukumbi ukacheka. Neža naye akatabasamu, lakini neno halikutoka.

Profesa hakucheka. Alinyanyuka taratibu, maana goti lilimsumbua, akaenda kwenye dirisha la kusini, upande wa kwetu, akalifunga. Akavuta na pazia. Akarudi kuketi.

"Haya," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa tuko wenyewe."

Neža akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Akalitamka lote, polepole, pamoja na kile kiirabu kifupi cha mwisho ambacho lugha zetu zilikwisha kukimeza. Sauti yake haikutetemeka.

Profesa alishika kalamu, lakini hakuandika bado. Alikuwa ameelekeza sikio dirishani.