Utani kwenye Hitima ya Bibi Mwamvua

Siku ya hitima ya Bibi Mwamvua, Leticia alijifunga kanga za marehemu, akajipaka unga usoni, akashika fimbo na kuingia uani akikohoa kile kikohozi cha bibi mwenyewe, cha kuwaita watu waje wasikie anachotaka kusema. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaangua kicheko. Binti mmoja wa marehemu alicheka mpaka akalia, kisha akarudi akacheka tena. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Marehemu alikuwa Mbondei wa Muheza, akaolewa Makorora, akazeekea hapo. Leticia ni mjukuu wa Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge wakazikwa huku huku. Na Mnyamwezi na Mbondei ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akija msibani husema atakalo, huziba njia apendapo, na hapana wa kumnunia.

Lakini siku hiyo Leticia alikuwa na lake. Mgombea ubunge, Mheshimiwa Suleimani, alikuwa mpwa wa marehemu, na kwenye hitima ya shangazi yake hakosi.

Wiki moja kabla, vijana wa mtaa walishindwa kupata jawabu lake kwenye mkutano wa hadhara. Sele, dereva wa bodaboda, alisimama mbele ya umati akauliza kwa adabu zake zote: kwa nini dawa inayotokana na bangi isiruhusiwe hospitalini, kwa mgonjwa, kwa cheti cha daktari, kama nchi nyingine zilivyofanya? Hajamaliza, mwenyekiti wa mkutano akamnyang'anya maiki. "Jamani, vijana wa Makorora wanataka kuvuta kwa kibali!" Uwanja mzima ukacheka. Mheshimiwa naye akacheka, akapanda gari, huyoo.

Jioni yake walijazana kwenye saluni ya Leticia, mahali pasipokosa watu hata siku isiyo na kichwa cha kusukwa. Wengi wao ndiyo kwanza wanakwenda kupiga kura, na walikuwa na uchungu wa mtu aliyealikwa harusini akanyimwa sahani.

"Niachieni mimi," Leticia aliwaambia. "Hitimani mwenyekiti hana maiki. Na mimi ni mtani wake. Atanikimbilia wapi?"

Asichowaambia ni kwamba alikuwa na sababu yake mwenyewe, na siku ya hitima sababu hiyo ilikuwa imekaa pale uani juu ya mbuzi, inakuna nazi. Mdogo wake, Imakulata, alikuwa na kifafa tangu shule ya msingi. Dawa zimebadilishwa, zikaongezwa, zikachanganywa, na bado anaanguka. Daktari mwenyewe ndiye aliyewaambia kuwa huko nje kuna dawa ya matone, inatoka kwenye mmea huo huo, na imewafaa baadhi ya watu wenye hali kama yake. Ila hapa sheria haijafungua mlango. Mama yao mtaani alisema binti ana presha ya kushuka. Nyumbani alimwapisha Leticia kwa rozari: neno lisitoke. Hasa sasa, washenga wa kijana mmoja wa Maramba, Lucas, wakiwa njiani kuja kumposa Imakulata.

"Nani anaoa kifafa?" mama alisema.

Kisomo kikaisha, masinia ya pilau yakapita, Mheshimiwa akanawa mikono na kuaga. Alipofika mlango wa uani akamkuta Leticia amejilaza chali kizingitini.

"Nani kaniwekea gogo mlangoni?"

"Gogo babu yako! Mimi shangazi yako, nimefufuka. Nimesikia unataka ubunge, nikasema nirudi haraka niwaonye watu."

Uani kukalipuka. Mheshimiwa akajishika kiuno. "Ah, Mnyamwezi! Hujarudi kwenu tu? Mkonge wenyewe ulikwisha zamani."

"Nikirudi nani atawafundisha kazi? Mbondei akishashiba bada, huo ugali wake wa muhogo, hata inzi usoni hamfukuzi."

"Afadhali bada yangu kuliko michembe yenu ya viazi vikavu, mnatafuna kama mnakula viatu." Akachomoa noti mfukoni. "Haya mtani, shika, nipite."

"Irudishe. Leo nataka jawabu. Ile dawa ya bangi waliyokuuliza vijana, utaisemea ama huisemei?"

Sele na wenzake walikuwa wameegemea ukuta nje ya uzio, masikio wazi. Mheshimiwa hakusita hata kidogo. Alinyanyua mkono kama yuko jukwaani.

"Mtani wangu, nikiupata ubunge nitapanda bangi kutoka Muheza mpaka Pangani, na wewe nitakufanya bwana shamba!"

"Ahadi?"

"Ahadi!"

Watu wakapiga vigelegele, na vijana nje wakapiga makofi. Leticia naye alikuwa ameshaanza kucheka, akaacha ghafla. Ahadi ya utani haina mwenyewe. Kama ambavyo hapana wa kumnunia yeye, hapana wa kumdai huyu. Kesho atasema tulikuwa tunataniana, na atakuwa kasema kweli.

Akasimama. Akafungua kanga za marehemu, akazikunja, akampa binti wa bibi. Akajifuta unga kwa kiganja.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Vichwa vyote vikageuka, maana mtani hatoi shikamoo. Mheshimiwa alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Marahaba."

"Utani nimeuweka chini. Nakuuliza mimi, Leticia, mpiga kura wako."

Mheshimiwa akajikuna kidevu. "Basi na mimi nikujibu bila utani, mwanangu. Jambo hili ni zito. Wazee wangu, masheikh, mapadri, wote wataniuliza kitu kimoja: mgonjwa yuko wapi? Mnanijia vijana wazima, vifua mbele. Nionyeshe mgonjwa mmoja wa mtaa huu, nipate la kuwaambia."

Leticia akafungua kinywa. Kule jikoni mama yake alikuwa amesimama na mwiko, anamtazama yeye tu. Akakifunga. Mheshimiwa akangoja kiungwana, halafu akanyanyua mguu kuvuka kizingiti.

"Mgonjwa ni mimi, baba."

Imakulata alikuwa amesimama, machicha ya nazi yamemjaa mikononi. "Nina kifafa."

"Imakulata!"

"Mama, nimechoka kuwa na presha."

Wanawake wakainamia masinia yao. Aliyewaokoa ni Kijakazi, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye habari kwake hailali mpaka iwe imefika Chumbageni.

"Mama Leticia, shoga yangu, usijitese. Tunajua tangu siku ile alipoanguka bombani. Unadhani nani alimshika kichwa kisigonge saruji?"

"Ulijua? Wewe?"

"Nilijua, nikanyamaza. Mnaniona mimi sina pa kuweka neno?"

Mama akaketi pale pale, mwiko mkononi. "Na washenga?" aliuliza, bila kumlenga mtu.

"Waje au wasije," Imakulata akasema. "Lucas nitampigia mwenyewe leo, kabla Kijakazi hajaweka vocha."

Kijakazi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mheshimiwa alimpa dereva ishara azime gari. Akavua viatu, akakaa mkekani. "Njoo, binti. Nieleze."

"Kwanza nasikia harufu kama ya kitu kinaungua," Imakulata alisema. "Halafu sijui."

"Halafu?"

Imakulata akamgeukia mama yake, kwa kuwa yaliyobaki hakuwahi kuyaona. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kila kidole. Akaja akakaa kando ya binti yake, akaanza kueleza kwa sauti ya chini: jinsi anavyokakamaa, jinsi anavyojiuma ulimi, jinsi anavyoamka akiomba radhi kwa jambo ambalo si kosa lake.

"Na usiku ndiyo zaidi," Leticia akatia neno.

"Nyamaza wewe. Usiku wewe hulala fofofo."

Mheshimiwa alisikiliza, simu yake ikiita kisha ikikata tamaa. Mwishowe akasema: "Sheria siahidi, si yangu peke yangu. Ila Jumamosi nitalisema jukwaani, kwa mdomo wangu, na mwenyekiti nitamwambia akae chini. Jina la binti sitalitaja."

"Tutakuja kusikiliza, mzee," Sele akasema kutoka ng'ambo ya uzio. "Ukilisema, kura zetu unazo. Usiposema, tutapiga vilevile, ila si kwako."

"Nimekusikia, kijana." Akamgeukia mama tena. "Endelea, Mama Leticia. Hizi dawa anazokunywa sasa, zinamfanyaje?"

Mama akamtazama Imakulata, Imakulata akaitikia kwa kichwa. Mama akaanza kuzieleza moja baada ya moja, na safari hii hakushusha sauti.