Aliyerudi Ngazini

Mara ya tatu asubuhi hiyo Husna aliifunga kompyuta yake, akaenda dirishani, akarudi, akaifungua tena. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Chini, barabara ya mtaa wao wa ugenini, Fereej Bin Mahmoud, ilikuwa na utulivu wa Ijumaa. Mlango wa gari ukabamizwa mbele ya duka, moyo ukamruka. Miezi ilikuwa imepita tangu jioni ile makombora yaliporuka juu ya mji, lakini masikio yake yalikuwa hayajapata habari kwamba mambo yametulia.

Hotelini alikuwa mpokea wageni. Saa zilizobaki alikuwa mwandishi, na mwandishi mwenye maringo yake. Riwaya yake ya vita haikuwa na askari hata mmoja. Ilikuwa na sufuria ya wali iliyoachwa jikoni, simu za mama kutoka Tanga, na mawazo ya mwanamke aitwaye Zaina, yakikatika na kuungana bila kuiomba nukta ruhusa. Kwamba Zaina ni yeye mwenyewe, hakuficha. Sasa mhariri mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amemwandikia: sura ya ngazini imemtoa machozi, anataka kuichapa jaridani, anangoja idhini kabla ya jioni.

Idhini ilikuwa neno moja tu, na Husna alishindwa kuliandika. Sura ile ilikuwa na mtu wa pili, na mtu huyo alikuwa upande wa pili wa chumba, akipiga pasi sare zake juu ya kitanda.

Jerusha, Mkenya aliyesafisha vyumba katika hoteli hiyohiyo, alikuwa amekaa naye miaka mitatu. Walikula sahani moja, waliuguzana, walichekana. Jioni ile tu ndiyo hawakuwahi kuigusa. Waliizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la njiani.

"Da Jerusha, nikusomee kitu?"

"Kama ni hiyo unaandikanga kila siku, soma. Nimengoja hadi nikachoka."

Husna akapiga moyo konde, akasoma. Katika sura ile, mshindo wa kwanza ulipotikisa vioo, Martha, mwenzake Zaina wa chumba, alikuwa bafuni. Kitasa cha bafu kilikuwa kibovu, kilifunguka kwa nje tu. Desturi ya chumba ilikuwa kwamba anayemaliza kuoga hugonga, mwenzake akamfungulia. Zaina aliteremka ngazi mbio na pasipoti kifuani hadi ghorofa ya pili, akasikia Martha akimwita. Akasimama. Watu wakampita wakiteremka. Akageuka, akapanda akiwapenya, akafungua mlango, nao wakashuka wameshikana mikono.

Alipomaliza hakuthubutu kuinua macho. Jerusha aligeuza blauzi, akapiga pasi mkono wa pili.

"Huyo Zaina ni mtu mzuri," alisema. "Ningependa sana kuishi na yeye."

Aibu ilimshuka Husna tangu utosini. Maneno aliyoyapamba kwa miezi yote ile yalimtoka mikononi, akabaki mtupu.

"Nilikusikia ukigonga," akasema. "Hata ngazini sikuwa nimefika. Nilikuwa humu chumbani, hatua nne kutoka mlango wa bafu. Nilikusikia, nikatoka."

"Najua. Niliskia viatu zako zikienda."

Husna alikuwa amerudi baada ya saa nzima. Jirani Mfilipino alikuwa amekwisha kumfungulia Jerusha. Na Jerusha alimwuliza Husna kama amekula, wakapakua wali, wakala.

"Mbona hukuniuliza siku zote hizi?"

"Ningekuuliza nini, na jibu nilikuwa nalo?" Jerusha alichomoa pasi ukutani, akakaa. "Nilikuwa na povu kichwani. Niligonga mpaka mkono ukauma. Halafu nikafungulia maji, nikajisuuza polepole, nikachana nywele. Nilijiambia, kama ni kutolewa chini ya mawe, sitaki hao watu wanipate na sabuni." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Husna alimwonea huruma. Lakini vidole vyake, bila haya, vilikuwa tayari vimegusa herufi. Povu lile lilikuwa kweli kuliko kurasa zake zote.

"Naweza kuliandika hilo?"

Jerusha aliinuka.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni yangu. Wewe andika yako."

Akazichukua sare zake, akaenda kuzitundika kabatini, mgongo wake ukiwa umemwelekea Husna. Husna akaifuta aya ya ngazini, mstari kwa mstari: watu wanaoteremka, mwanamke anayegeuka, mikono iliyoshikana. Simu ikatetemeka. Alikuwa mhariri, akikumbushia. Aliigeuza simu kifudifudi, akakaa akiutazama uwazi ule, kisha akaandika:

Zaina alimsikia mwenzake akigonga. Alikaa kwanza kitandani, akafunga kamba za viatu, cha kushoto, kisha cha kulia.