Mboga Mbichi Mwezi wa Saba

Mwenye nyumba wao alikuwa anamwoza mwanawe, akawaambia kwa upole kwamba sasa anavihitaji vyumba vyake. Mayimuna akaanza kufunga vyombo: masufuria ndani ya kitenge, sahani katikati ya nguo za binti yake, Fatou. Jioni mumewe Amuri, dereva wa lori, akarudi na habari njema. Nyumba imepatikana mtaa wa Kikula, tena kubwa, tena kwa bei ya chini kabisa.

"Bei ya chini hivyo, iko na nini ndani?" Mayimuna aliuliza.

"Iko na paa," Amuri alijibu, akageuka kunawa mikono.

Mwaka ule wa tisini na tatu nyumba tupu zilikuwa nyingi Likasi, na kila mtu alijua sababu: wenyewe, watu wa asili ya Kasai, walikuwa wamefukuzwa wakapanda treni. Amuri aliapa kwamba hii si ya hao. Théophile, komisionere, yaani dalali aliyemtafutia, alisema ni ya kaka yake aliyehamia Kolwezi.

Asubuhi Mayimuna akaenda kufagia. Kufuli ilikuwa mpya, inang'aa, lakini ubao wa mlango ulikuwa umepasuka pale palipokuwa na kitasa cha zamani. Ukutani palibaki alama nyeupe ya msalaba uliotundikwa miaka mingi. Akafungua mlango wa nyuma, akasimama. Tuta zima la mboga za lenga-lenga lilikuwa limestawi, na udongo wake ulikuwa umelowa.

Théophile alipopita kumjulia hali, Mayimuna hakumzungusha. "Nani anamwagilia zile mboga?"

"Ah, maman, ni mvua tu."

"Mvua gani mwezi wa saba?"

Théophile akacheka, akatazama saa yake, akasema anangojewa mjini.

Mayimuna hakwenda nyumbani. Aliketi jikoni kimya, mlango ameurudisha, mpaka aliposikia nyasi za ua zikichakarika. Mwanamke mmoja alipenya na ndoo ya maji. Mayimuna akatoka, wote wawili wakashtuka.

"Weye ni nani?" mwanamke aliuliza, ndoo kaiinua juu. "Mumekuja kubeba na milango sasa?"

"Nimekuja kufagia. Tunahamia hapa. Théophile alitupa ufunguo, nyumba ya kaka yake."

"Kaka yake!" Maji yakamwagika. "Hii nyumba ni ya Émérence. Wenyewe walikuwa wangali wanalala kule gare, wanangojea treni, Théophile akavunja kitasa. Nilimuona na macho yangu."

Jina lake lilikuwa Rosalie, jirani wa upande wa pili wa ua. Émérence alimwomba amwagilie bustani, watu wajue nyumba iko na mwenyewe.

"Atarudi?"

"Sijui. Minye nilimukubalia, basi." Rosalie akamtazama toka kichwa hadi miguu. "Na weye? Nitajuaje kama Théophile hakukutuma kunichunguza?"

Miezi ile mtu aliweza kula na jirani yake miaka mingi, kisha akamkuta jirani huyo huyo anatoka mlangoni kwake na kiti alichomwibia kichwani.

Nyumbani, Amuri alikuwa anafunga godoro kwa kamba.

"Ulijua," Mayimuna alimwambia.

"Sikujua kitu. Halafu, tusipoingia siye, ataingia mungine."

"Mutu asiyejua kitu hasemi vile."

Ufunguo aliurudisha yeye mwenyewe. Théophile aliupokea bila ubishi, na kabla Mayimuna hajavuka barabara akamsikia anamwita mteja mwingine.

Walipata chumba kimoja mtaa wa Panda, nyuma ya duka la fundi cherehani. Kabati ilibaki nje, imefunikwa plastiki. Juma lile lile Mayimuna alikutana na Rosalie sokoni. Rosalie akageuza uso, akapita. Bila shaka watu wengine walikuwa wamekwisha kuhamia kule Kikula, naye alidhani Mayimuna ndiye aliyewaleta. Mayimuna alitaka kumfuata amweleze, lakini angeapa kwa nini hata aaminike?

Siku hiyo, wakila, Amuri alishika tonge la bukari bila kulipeleka mdomoni.

"Nilijua," alisema. "Toka siku ya kwanza. Niliogopa kukosa pa kuwalaza."

Mayimuna akamgeukia. "Ungesema, tungeogopa pamoja."

Akamsogezea samaki, wakamaliza kula. Alimsamehe, na hakulisema tena jambo lile. Ila tangu hapo, kila Amuri alipoleta habari njema, mkewe alimtazama kwanza machoni.