Bata Bukini na Matete

Mvua ya Mei mwaka 1998 ilimkuta Swalha, mfanyabiashara wa Unguja, barabara ya Huanshi Zhonglu huko Uchina, mikono imejaa sampuli za viatu kutoka soko la Liuhua. Yeye na mkalimani wake Msabaha, Mtanga aliyesomea Kichina miaka sita, wakajibanza dukani kwa fundi wa kukarabati picha za kutundika.

Fundi mwenyewe, Mzee Liang, alikuwa ameinamia meza, akibandika karatasi laini nyuma ya picha iliyoliwa na wadudu. Ilikuwa picha ndefu ya Kijapani, ya wino mtupu: matete, ukungu, na bata bukini wawili. Mmoja yuko angani, shingo kaipinda kutazama chini. Mwenzake yuko kwenye matete, mdomo wazi.

"Muulize kama anaiuza," Swalha alisema.

"Bu mai," fundi alijibu, akitikisa kichwa. Haiuzwi, ina mwenyewe Japani.

"Basi muulize hao ndege wanagombania nini."

Mzee akacheka, akaweka brashi chini. Akaeleza taratibu, Msabaha akifasiri. Hawagombani. Wajapani huitundika picha hii majira ya vuli, bata bukini wanaposhuka kutoka kaskazini. Vuli ikipita, huiviringisha na kuihifadhi. Ndege huyu ndiye mleta habari za walio mbali.

"Wa chini ameshafika. Wa juu anaona ukungu tu, hajui pa kutua. Kwa hiyo wa chini ndiye huanza kuita."

"Hata kama wa juu ndiye mwenye kosa?" Swalha aliuliza.

Msabaha alimtazama kidogo kabla ya kufasiri.

"Kosa mchoraji hakulichora," mzee alisema.

Miaka minne Swalha alikuwa hasemi na mdogo wake Hafidha, aliyeolewa Maskati, kwa kuwa hakuja kumzika mama yao. Swalha alibaki Unguja, katika nyumba ya mama, akingoja kuombwa radhi. Kila Idi alijiambia: mimi mkubwa, aanze yeye.

Alitoka mvua ikinyesha vilevile, akaingia kibanda cha simu, akapiga Maskati.

"Nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ileile nyembamba ya Hafidha.

"Mimi, dada yako."

Zikasikika pumzi za mtu anayezuia kilio.

"Dada, siku ya maziko nilikuwa hospitali. Nilizaa mtoto wa miezi saba, hakuvuta hata pumzi. Ningekwambiaje, nawe una maziko ya mama mbele yako?"

Swalha akaziweka sampuli za viatu sakafuni.

"Ulishampa jina?"

"Nahla."

Swalha akalitamka jina lile mara mbili, polepole, kama anayepokea kichanga mikononi.

"Nihadithie, mdogo wangu," alisema. "Sina haraka, siendi popote."